Mjane Mwenye Ng'ombe Wawili

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano nilipompa msichana mmoja alama nne kati ya ishirini, na nikacheka nikimpa. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na mazuri yangu sitafika hapa kamwe.

Ilikuwa Isiolo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nikifundisha Kiingereza katika shule ya upili ya wasichana. Mimi ni mzaliwa wa Wabera, mtaa wa pale pale mjini. Babu yangu aliletwa huku na jeshi la Mwingereza, na vita vilipokwisha akabaki na ng'ombe wake wachache. Baba yangu aliwauza wale ng'ombe akanunua lori, kisha lori la pili. Kwetu palikuwa na sakafu ya saruji, makochi yenye vitambaa vya kufuma na pazia la maua sebuleni. Nilisoma mpaka chuo kikuu, na niliporudi nilikuwa nikipita barabara ya msikitini nikijiona nimefika. Watu waliniita Mwalimu na nililipenda jina hilo kupita kiasi. Hasira zangu zilikuwa za karibu, na mpaka leo hazijaenda mbali.

Kitabu cha mtihani mwaka huo kilikuwa riwaya ya Kiingereza ya zama za yule malkia wao aliyekaa kitini miaka mingi. Nakala zetu zilikuwa zimechakaa mpaka majalada yakang'oka, tukazifunika kwa karatasi ya kaki. Hadithi yenyewe si ngumu. Kuna mjane anayeishi chini ya kilima, ana nyumba ya vyumba viwili na ng'ombe wawili wa maziwa. Juu ya kilima kuna jumba la bwana mmoja mwenye mashamba, na kila asubuhi mjane hupeleka maziwa huko kwa mlango wa nyuma. Yule bwana ana mama mzee asiyeona vizuri, na binti wa mjane anachukuliwa akamsomee magazeti. Basi binti anapanda ngazi, anavaa glavu, anajifunza kuongea polepole, na kufikia katikati ya kitabu hapiti tena njia ya kwao.

Mimi somo hilo nililipenda. Nilisimama mbele ya darasa nikawaonyesha jinsi mwandishi anavyotumia mahali kueleza tabaka la mtu bila kulitaja. Tazameni ngazi, niliwaambia, tazameni zulia, tazameni nani anaingia kwa mlango upi. Na mtu akibadilika, msikilizeni sauti kwanza, halafu mtazame mikono yake. Wasichana waliandika kila neno. Nami nilikuwa najisikiliza, nikijipenda.

Kati yao palikuwa na mmoja wa Biliqo, kijiji cha wafugaji huko kaskazini, Mborana, mrefu, mkimya, wa kwanza kwao kukanyaga sekondari. Baba yake alikuwa amekubali asome miaka minne, si mitano. Alitaka kwenda chuo cha ualimu, na bila cheti cha kidato cha nne chuo hakingempokea. Sasa mkuu wetu wa shule, mama mmoja mkali aliyelipenda jina la shule kuliko alivyotupenda sisi walimu, alikuwa na sheria yake: anayeanguka Kiingereza katika mtihani wa majaribio haketi kwa ule wa mwisho. Anarudia mwaka. Na huyu wa Biliqo hakuwa na mwaka wa kurudia. Hayo yote niliyajua nilipochukua kalamu nyekundu.

Swali lilitaka waeleze jinsi mahali na mabadiliko ya wahusika yanavyoonyesha matabaka. Yeye aliandika, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja, kwamba mtu wa tabaka la juu kuliko wote kitabuni ni mjane. Sababu alizitoa. Mjane ana ng'ombe wawili wanaokamuliwa, na nyasi za kwao zinafika magotini, na mvua hainyamazi. Bwana wa jumba ana vyumba thelathini na watu watatu ndani yake, hana ndugu wala watoto wa ndugu, wanakula kimya, na maziwa ya wageni wake ni ya kuletewa. Mtu anayetegemea nyumba nyingine kwa maziwa ya mgeni, aliandika, ni mtu aliyepatwa na msiba. Kuhusu binti alisema kwamba hakupanda, alishuka, kwa sababu mtu anayebadilisha sauti yake ili apewe chakula ameshuka.

Nilicheka mpaka machozi. Nikaandika chini, kwa wino mwekundu: "Umekosa kabisa. Hukukisoma kitabu." Kisha nikaipeleka karatasi ile chumba cha walimu nikawasomea wenzangu kwa sauti, na wao wakacheka, na mmoja akasema hawa watoto wa ng'ombe kweli ni kazi. Nilimcheka msichana wangu mwenyewe mbele ya watu. Nikilikumbuka hilo, uso unaniwaka moto hata nikiwa peke yangu jikoni.

Mkuu alitaka wazazi wa walioanguka waambiwe ana kwa ana, maana barua za kaskazini zilikuwa zinachelewa wiki hata tatu. Shule ilikuwa inafungwa, na lori la baba lilikuwa linapeleka sukari Merti, njia ya kuelekea kwao msichana. Nikajitolea. Nasema nilijitolea, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kuonekana. Nilipakia kapu: unga wa mahindi, sukari, majani ya chai, na magauni yangu mawili ya zamani niliyoyaona bado yanafaa kwa mtu asiye na kitu. Tulikaa mbele kwa dereva, mimi na msichana, naye hakuongea karibu siku nzima. Tulipokaribia Merti ndipo aliponiomba jambo moja, kwamba nisimwambie baba yake mbele ya kaka zake. Nikamjibu, nikijiona mwema, kwamba nitatafuta wakati mzuri.

Kutoka Merti tulipata pikapu mpaka Biliqo. Kwao palikuwa na nyumba za mikeka na fito, zimejipanga karibu karibu, na boma la miiba. Niliinama kuingia, viatu vyangu vya kisigino vikiwa vimejaa vumbi, na moyoni nikasema maskini ya Mungu. Nasema nilivyosema.

Baba yake hakuwa mtu wa kuogopesha. Alikuwa mchangamfu, mpenda habari, ana redio aliyoivisha ngozi ya mbuzi, na betri zake alikuwa amezianika juani zipate nguvu. Tulipeana salaam aleikum, akaanza kuniuliza habari za njia, habari za mvua, habari za mzazi wangu ambaye hajawahi kumwona. Kiborana changu kilikuwa cha sokoni, Kiswahili chake kilikuwa cha minada ya mifugo, tukaelewana vizuri tu. Kila nilipofungua mdomo kusema nilichokuja kusema, aliinua mkono. Mgeni hasemi shida yake kabla hajanywa.

Mama yake msichana akaniletea maziwa katika chombo cha nyuzi kilichosukwa na kufukizwa moshi ndani. Nilikunywa kidogo, harufu ile ya moshi ikanishinda, nikakiweka chini. Halafu, nikidhani natengeneza mambo, nikafungua mkoba nikamwuliza ananiuzia chupa moja kwa bei gani nimpelekee mama yangu Isiolo. Mama yule aliutazama mkoba, kisha akanitazama mimi, wala si kwa hasira. Alisema neno kwa Kiborana, na binti yake hakutaka kulitafsiri. Nilimlazimisha.

"Anauliza," msichana alisema akitazama chini, "kama nyumbani kwenu hakuna mtu."

Baadaye nilielewa. Kwao wakati ule maziwa hayakuwa kitu cha kuuzwa. Aliyeuza maziwa alikuwa amefikwa na shida, na aliyeyanunua alikuwa amefikwa zaidi, kwa sababu maana yake hana ndugu, hana jirani, hana hata mtu mmoja wa kumwambia njoo unywe. Nilikuwa nimemtangazia mwenye nyumba kwamba mimi ni mtu niliyetupwa.

Jioni ng'ombe walirudi. Nilisikia kwanza, halafu nikaona vumbi, halafu wakaanza kuingia. Waliingia, na waliingia, na bado walikuwa wanaingia nilipoacha kutazama. Sikuwahesabu, na kwao si adabu kuhesabu ng'ombe wa mtu. Nilimwuliza msichana taratibu kama hawa wote ni wa kijiji. Akasema hapana, wa kijiji wako upande ule, hawa ni wa baba. Nikamwuliza magauni yako wapi, maana sikuyaona. Akasema mama amempa mwanamke mmoja wa nyumba ya mwisho, ambaye wanyama wake walikufa na sasa anasaidiwa na ukoo. Alisema hivyo bila kunikejeli, na hapo ndipo aibu iliponipanda sawasawa. Laiti angenikejeli.

Tulikaa nje na baba yake, tukapewa buni zilizokaangwa kwa samli. Akaniuliza lile ambalo bila shaka lilikuwa linamsumbua tangu mchana.

"Mwalimu, ng'ombe ya baba yako iko wapi?"

Nikamwambia baba hana ng'ombe, aliwauza, ana malori mawili. Akauliza aliuza wote? Nikasema wote. Akauliza kwani alikuwa mgonjwa? Nikasema hapana, mzima. Akatikisa kichwa, akaniambia pole. Alisema pole ile inayosemwa matangani. Akageuka akaongea na kaka yake aliyekuwa karibu, wakaongea sana, mama naye akatia neno lake. Kisha akasimama akaniita mpaka bomani, akanionyesha mtamba mmoja mwekundu, jike ambaye hajazaa bado.

"Huyu ni yako," akasema. "Nyumba bila maziwa, hiyo si maisha. Wewe umefundisha mtoto yangu wakati huu yote na sisi hatukujua uko na shida."

Nimepewa vitu vingi maishani, sijawahi kupewa kitu kikaniuma namna hiyo. Nilitoka Isiolo na kapu la sadaka, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nasaidiwa, mbele ya mwanafunzi wangu, na kila mtu pale alikuwa ananionea huruma ya kweli. Kumkataa ng'ombe yule ingekuwa matusi. Nilishukuru. Tulikubaliana abaki pale na mifugo yao, kwa jina langu, maana Wabera ningemlisha nini?

Na hapo ndipo aliponiuliza kilichonileta. Msichana alikuwa amesimama mlangoni pa boma, nikamwona amekishika kidole chake kwa mkono mwingine. Baba yake akauliza kwa urahisi kama mtoto anaandika vizuri, kama huo mtihani wa mwisho atauweza.

Nikamwambia, "Anaandika vizuri kuliko wote." Nikaongeza kwamba ataufanya. Karatasi yenye alama nne ilikuwa ndani ya mkoba wangu wakati nasema.

Nilirudi Isiolo na karatasi ile mkobani. Nilipoingia kwetu niliiona ile nyumba. Namaanisha niliiona, baada ya kuishi ndani yake miaka yote hiyo. Wafanyabiashara walikuwa wanakaa makochini. Wachungaji waliokuja kumtafuta baba awasafirishie mbuzi walikuwa wanakaa barazani, kwenye mkeka, wakipewa chai kwa vikombe vya bati. Vya udongo vyenye maua vilikuwa vya ndani. Hakuna aliyewahi kutuambia tufanye hivyo, na hakuna aliyewahi kukosea. Muhula mzima nimewasomesha watoto wa watu ngazi za Uingereza, na baraza ya kwetu sijaiona! Yule msichana alikuwa ameketi pale barazani mara mbili, alipotumwa kuniletea madaftari. Nilimpa chai kwa kikombe cha bati.

Nilienda kwa mkuu wa shule nikamwomba nisahihishe upya. Alisoma karatasi yote, akacheka mahali pale pale nilipocheka mimi, halafu akaacha. Akasema msichana ana akili. Akasema pia kwamba mimi naweza kumpa kumi na sita hapa Isiolo nikitaka, lakini msahihishaji wa Nairobi hajawahi kufika Biliqo na hatafika. Hilo lilikuwa kweli tupu. Akamruhusu afanye mtihani, kwa sharti kwamba nimfundishe jibu linalotakiwa.

Nikamfundisha. Miezi mitatu, kila alasiri baada ya darasa, tuliketi mimi na yeye na kitabu. Nilimwambia andika mjane ni maskini. Thibitisha. Sakafu yake ni udongo, dirisha ni moja, anapita mlango wa nyuma, mikono yake imepasuka. Andika binti amepanda. Siku moja aliweka kalamu chini akaniuliza kwa upole kama hayo ni kweli. Ningeweza kumjibu vizuri siku hiyo. Ningeweza kumwambia kwamba kitabu kina macho yake na Biliqo ina macho yake, na kwamba yeye, kwa bahati, amepewa yote mawili. Maneno hayo nimeyapata uzeeni. Siku ile nilikuwa na haraka na nilimwogopea, nikamjibu kwa mkato, nikamwambia mtihani hauulizi ukweli, unauliza kitabu.

Alijifunza upesi, akaanza kubadilika kidogo kidogo. Aliongea taratibu zaidi. Akaanza kupaka mikono mafuta. Mjomba wake alikuja mjini na mbuzi wa kuuza, akapita kumsalimu, naye akatoka akaongea naye nje ya geti, upande wa ukuta ambako madirisha ya madarasa hayaoni. Mimi nilikuwa natoka kununua chaki, nikawapita. Alinisalimu kwa Kiingereza. Niliitikia kwa Kiingereza, nikaenda zangu, na nilijua kabisa nilichokiona.

Mtihani aliufanya. Matokeo yalipotoka alikuwa amepita vizuri sana, na Kiingereza kilikuwa bora kuliko masomo yake yote. Mkuu wa shule alinipa mkono mbele ya walimu. Chuo kilimwita. Kabla ya kwenda alirudi kwao karibu mwezi mzima, kisha akapita Wabera kuniaga, na safari hii nilimvuta mkono nikamwingiza ndani, nikamkalisha kochini, nikamtilia chai kwa kikombe chenye maua. Mama yangu alikuwepo, akamsifu jinsi anavyoshika kikombe.

Nilifurahi, wallahi. Nilimwambia najivunia yeye, na kwamba nilitamani kuisoma ile karatasi aliyoandika.

"Niliandika vile ulitaka," akasema. "Kurasa nne. Niliandika ule mama ni maskini. Nilitoa sababu zote, mikono, sakafu, mlango. Nikitoa sababu nilikuwa naona mama yangu."

Nikamwambia ulikuwa mtihani tu, na umekwisha.

"Mtihani imeisha," akakubali. "Lakini sasa nimetoka nyumbani, Mwalimu. Nimekaa na yeye mwezi mzima. Alikuwa ananiletea maziwa asubuhi, na mimi naangalia mikono yake. Kila siku. Sikutaka kuangalia." Aliweka kikombe juu ya meza, kwa uangalifu, bila sauti. "Wewe ndiyo uliniwekea hiyo kitu. Utaniambia naitoa namna gani?"

Mama yangu alinitazama, akingoja nimjibu mtoto wa watu. Msichana naye alingoja, mikono magotini, kwa adabu zote za kwao. Nilikuwa mwalimu wake, na nilikuwa na jibu la kila swali la kitabu kile, na nilikaa pale kwenye kochi la baba yangu nikamwuliza kama ataongeza sukari.